Kikapu cha Udongo wa Mahame

Basi la Korogwe lilikwenda taratibu, na Mwantumu hakutulia kwenye kiti. Tasbihi aliivuta, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kesho kijiji chao cha ujamaa, Kwaluguru, kingekutana kuamua kama Lemayian mfugaji afukuzwe lamboni, bwawa la kunyweshea mifugo, kwa kuwa mkojo wa ng'ombe wake umeua kitalu cha nyanya cha kijiji. Na aliyesema ni mkojo ni yeye Mwantumu, msimamizi wa kitalu. Alisema kwa hasira. Tangu siku ile moyo ulimsuta, hata juzi akatuma mizizi yenye vinundu na makopo mawili ya udongo, moja la kitaluni na moja la porini, kwa bwana shamba Hiza.

"Shikamoo, mama. Njoo uwaone wabaya wako," Hiza alisema ofisini kwake Korogwe, akamsogezea darubini.

Mwantumu akaona nyuzi zinazong'aa, zinajipinda. "Minyoo?"

"Ndiyo, ila jicho tupu haliioni. Upande huu wa sahani nimeweka maji ya mizizi ya nyanya. Ule, tone la chumvi ya mbolea."

Iliyokaribia chumvi ilitikisa kichwa huku na huku, ikarudi nyuma. Mingine ilijazana kwenye maji ya mizizi kama watu wa msibani kwenye sinia la wali.

"Nani kaiambia? Mbona macho siyaoni."

"Haina. Kwenye ncha ya kichwa kuna vitundu, ndani yake vinyweleo vya mishipa ya fahamu. Hivyo ndivyo vinavyoonja kilichoyeyuka majini. Vikionja mzizi, mnyoo unasonga. Vikionja kibaya, unageuka."

"Subhanallah. Na mimi mwenye macho mawili nimemshika ng'ombe."

Hiza akacheka, kisha akagusa makopo. "Udongo wa porini hauna hata mmoja. Huu wa kitaluni imejaa. Yenyewe kwa mwaka mzima haivuki hatua mbili tatu, mama. Imebebwa."

Mwantumu akakumbuka kikapu chake. Walipohamishwa kutoka mahame, kijiji chao cha zamani, kila mtu alibeba sufuria na kuku. Yeye aliongeza kikapu cha udongo wa bustani ya marehemu mumewe, Salimu, akauchanganya kitaluni, kama mama yake alivyomfundisha, ili mbegu isione ugeni.

Njia nzima ya kurudi alibishana na nafsi yake. Aseme ni minyoo tu, anyamaze hapo? Nani angeulizia kikapu?

Kesho yake mwenyekiti Sadala alimpa nafasi. Lemayian alikaa peke yake, kofia gotini.

"Si ng'ombe," Mwantumu alisema. "Ni minyoo ya ardhini, inaonja mzizi na kuufuata. Na haikuja yenyewe. Niliileta mimi, kwenye kikapu cha udongo wa bustani ya Salimu."

Minong'ono ikapita. "Kumbe Salimu kafa na bado anatulima," mtu akasema, wakacheka. Mwantumu alitazama chini mpaka wakamaliza.

"Lemayian, mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe."

Lemayian alivaa kofia. "Nimesikia, mama. Ng'ombe nao nitawaambia."

Sadala akafuta suala la lambo. Kitalu kihamie ng'ambo ya barabara, na cha zamani kiachwe kitupu, minyoo ife njaa. Msimamizi? Watu walitazamana. "Aendelee yeye," Lemayian akasema. "Huyu sasa anaijua minyoo."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kukanyaga ardhi mpya, Mwantumu aliweka ndoo barabarani. Aliosha jembe, akaosha miguu mpaka vifundoni, mara tatu, kama anayetawadha. Kisha akageuza nyayo, akazikagua tena.