Bakuli la Bi Moza

...mkebe wake tu, ati nilimpaka mwanangu dawa ya mkebe wake tu, ndilo swali, na daktari wa Kizungu kaushika mkono wa Mwanakhamis anaugeuza huku, anaugeuza kule, anahesabu upele, mimi mama mtu hanitazami, na Mmanga dresa, msaidizi wake, mtoto wa Wawi huyu, namjua tangu hana viatu, leo kavaa koti jeupe ananikazia macho, "Bi Mwanawema, daktari auliza, ntoto wampaka nkebe wake tu, hujachanganya?", na wanawake tisa wameshapita mbele yangu kwenye benchi hili, wote wamesema naam, wote waongo, na mimi wa kumi naam yangu iko ulimini tayari, ya kutema tu, lakini hasira imeitangulia... nani alimwambia awagawe watoto? Wiki sita nyuma aliwapanga mstari hapa hapa, huyu mkebe wa kifuniko chekundu, huyu cheupe, huyu chekundu, huyu cheupe, na Mmanga akatutangazia bila haya kwamba mmoja una dawa na mwengine mafuta matupu, ndio utafiti huo, na atakayechanganya, mwanawe atafutwa kwenye daftari asipewe tena kitu, mafuta matupu, kwa mtoto anayejikuna mpaka damu! Wazee walisema Mungu humpa upele asiye na kucha, sisi katupa upele na kucha zake, kisha akatuletea na huyu... Mwanakhamis akapata chekundu, Hija wa wifi yangu Mwatum akapata cheupe, na hao kitanda chao kimoja, sinia yao moja, siku ya nne vidole vya mwanangu vikaanza kukauka, akashika tonge mwenyewe, akacheka, na Hija anajisugua mgongo kwenye nguzo ya ukumbi, na Mwatum, angenitukana ningemjibu, alikaa kizingitini akichagua mchele tu, mpaka Ijumaa mama mkwe, Bi Moza, akaitwaa mikebe yote miwili akaikwangua kwa kijiko ndani ya bakuli, "Hawa wana wa nyumba moja, ntampaka vipi huyu nimwache yuno? Nkamjibu nini Mola wangu?", na mimi nikamshikia bakuli, naam, kwa mikono yangu, na moyoni nasema mwanangu anaibiwa, wallahi nilisema hivyo, nilimchukia yule bibi, nikamchukia na Mwatum na mchele wake, nikamchukia hata Hija, mtoto wa miaka sita kanikosea nini... dawa ya mmoja ikapakwa wawili, wakakauka huku wakatunga usaha kule, na chuoni mwalimu kawarudisha wote, wasije mpaka wapone kabisa, juzuu ya Mwanakhamis inaliwa na vumbi juu ya kabati, na si sisi peke yetu, kijiji chetu kizima cha Gando walikoroga, nani hapa angeweza kulala na mafuta matupu ya jirani... "Bi Mwanawema", anaita tena Mmanga, ngoja, nimekusikia, nilikusikia na sasa hivi ulipotutangazia kwa furaha kama uliyeposa, "Daktari asema zote sawa, ile nyekundu haina kitu, hairudi tena", hairudi! Dawa niliyoiona kwa macho yangu siku nne, hairudi, kwa sababu wanawake tisa wameficha mabakuli yao wakasema naam, na nikisema naam ya kumi ndiyo nimeizika, na nikisema kweli Mwanakhamis anafutwa, Hija anafutwa, Mwatum huyu hapa ubavuni kwangu ananifinya paja, nyamaza wifi, sema naam twende zetu... huna haki, Daktari, kumuuliza mama swali hili, huna, ungeuliza siku ile kabla hujagawa, tungekwambia, hapa mtoto hapakwi mwenziwe akaachwa, lakini hukuuliza, na mimi niliyetaka kumwacha Hija ajikune ndiye pekee kati yetu niliyeifuata sheria yako, moyoni, siku nzima ya Ijumaa, na naona aibu, naona aibu kuliko hasira, na hasira yenyewe haijapungua hata chembe. Hija kasogea kwenye benchi, kampa Mwanakhamis mgongo, na Mwanakhamis, mkono mmoja bado umo mikononi mwa daktari, kanyoosha ule wa pili anamkuna mwenziwe pale asipopafikia mwenyewe, taratibu, wala hatazami, kazi ya kila siku, na daktari hakuona, anahesabu... "Bi Mwanawema, wampaka nkebe wake tu?", na Mwatum kazidi kunifinya, na ile naam naitafuta ulimini siioni, naliona bakuli tu.