Utambuzi wa Kitanda cha Nne

Darasa letu la mwaka wa tatu liligawanyika kuhusu orodha ya utambuzi wa kiuguzi. Ugonjwa anautaja daktari. Sisi tunachagua kwenye orodha shida ambayo muuguzi anaweza kuishughulikia: maumivu makali, hofu, hatari ya kuanguka. Kisha tunaandika chanzo chake. Vaileth aliipenda, eti inamlazimisha kufikiri. Isack aliiita mapambo ya mtihani.

"Wodini nani anasoma hayo?" alisema. "Manesi wenyewe wanaandikaga 'anaendelea vizuri', wanaondoka zao."

Nilikuwa upande wa Isack, ila niliikariri yote. Ubishi haukupi cheti. Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa umefika, na anayefeli anabaki chuoni wenzake wakihitimu Novemba.

Tulifanyia hospitali moja ya Temeke. Saa mbili asubuhi nikapangiwa kitanda cha nne: Mama Lulu, muuza vitumbua wa Chamazi, aliyekuwa anasubiri kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Nikamwamkia, nikampima presha, nikavuta kiti nikaanza kuandika. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza, mikono yake ilikuwa ikitetemeka, mapigo ya moyo yakienda mbio, chai imepoa bila kuguswa. Nikaona mtelezo, jibu limejileta lenyewe. Hofu, kutokana na kutoelewa upasuaji. Nikajaza kurasa tatu, nikijiona daktari kabisa.

Saa nne akaja mwalimu wetu, Madam Kokuberwa. Akasoma, akamgeukia mgonjwa.

"Habari za asubuhi, mama. Upasuaji wameshakueleza?"

"Vizuri sana, sista. Daktari hata picha alinichorea."

"Sasa mbona unatetemeka?"

Mama Lulu akanitupia jicho, akashusha sauti kana kwamba nisingesikia. "Huyu binti. Tangu asubuhi ananiangalia, anaandika. Ananiangalia, anaandika. Hasemi kitu. Nikajua kuna jambo wamelikuta, wananificha. Nimeshampigia dada yangu aje awachukue wanangu."

Niliona aibu. Madam akanirudishia faili.

"Hofu ipo. Hicho chanzo futa, andika cha kweli."

Nikaandika, mwandiko ukienda upande: kutokana na mwanafunzi wa uuguzi kuandika bila kumsemesha mgonjwa. Akasoma, akaweka alama ya vyema.

"Huo ndio utambuzi," akasema. "Mtihani utarudia mwakani. Sasa kaa hapo, zungumza na mama, halafu mpigieni dada yake."