Uwanja wa Mkunga

Kikao cha kuigawa nyumba ya Mkunga kilifanyika sebuleni kwake mwenyewe, yeye akiwa jikoni anawachemshia chai. Sasa we niambie, huo si utovu wa adabu? Masikio ya Mkunga yalikuwa mazima. Miaka yote alisikiliza mapigo ya moyo ya watoto walio tumboni, sembuse sauti ya mwanawe wa kwanza, ambaye tangu apate ofisi yenye kiyoyozi hawezi kusema jambo taratibu.

"Uani tunapandisha vyumba vya kupangisha," Kifungua Mimba alikuwa akiwaambia wadogo zake. "Nyumba kubwa nayo tunaipangisha. Mama anahamia kwangu, apumzike."

Apumzike, ati. Kwa Kifungua Mimba kulikuwa na mapacha waliokuwa wanaanza kutembea, na kila yaya aliyeingia mle alitoka mbio. Pumziko hilo Mkunga alilijua mpaka harufu yake. Alisimama na birika mkononi, na kilichomuuma si vyumba. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Mama mwenyewe anasemaje?" Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, na leo alikuwa anagawiwa pamoja na viti.

Akatia sukari, akawapelekea chai, akawakaribisha. Hakusema neno. Watoto wakadhani amekubali. Hawakujua kwamba mkunga akinyamaza, anasubiri uchungu ukolee.

Sasa, kuna jambo hawakulitilia maanani. Tangu astaafu, Mkunga alikuwa anacheza gofu. Shoga yake, muuguzi mstaafu, alimpeleka kiwanjani siku moja akanyooshe mgongo, na ugonjwa ukamwingia palepale. Kuupiga mpira mbali aliweza, maana mikono iliyopokea nusu ya mtaa ule duniani haikuwa mikono ya mchezo. Shida yake ilikuwa mwisho wa safari: kuusukuma ule mpira mdogo taratibu uingie shimoni. Hapo ulimpita pembeni kila mara, na shoga yake alicheka mpaka akakaa chini. Mkunga alitaka mahali pa kujifunzia, na uani palikuwa pake.

Wiki iliyofuata lori likasimama getini limejaa kokoto. Kifungua Mimba aliziagiza kwa ajili ya msingi. Alikuwa ameshatuma hata mtu wa kuchomeka vigingi na kuvuta kamba uani. Kumwambia mama yake hakuona haja; alijua kokoto zikishamwagwa, mama hatauliza. Dereva akashuka, akatazama huku na huku.

"Mwenye nyumba nani hapa?"

Lilikuwa swali dogo, lakini Mkunga alikuwa na siku nyingi hajaulizwa kitu. Lilimpata moyoni.

"Mimi," akasema. "Mwaga hapo."

Siku ileile akamwita fundi wa nyasi bandia, mwanamke mnene mcheshi ambaye kazi yake ilikuwa kutandika viwanja vya shule. Fundi akazunguka uani, akaigusa kamba kwa kidole cha mguu.

"Mama, kwani hapa si panajengwa?"

"Wanajenga mawazoni mwao. Ng'oa."

Kazi ikaanza. Udongo wa juu ukaondolewa, kokoto zikatandazwa, juu yake vumbi la mawe, maji yakamwagwa, na mashine ya kushindilia ikanguruma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Fundi alipendekeza umbo la yai. Mkunga akataka tumbo la mimba ya miezi saba, mtoto amelalia kushoto. Fundi akacheka, akalichora hivyohivyo kwa chokaa. Mkunga akataka tena na kimwinuko kabla ya shimo.

"Kitakutesa hicho," fundi akamwonya.

"Kinitese. Kitakuwa changu."

Zulia la nyasi likafunguliwa, likaachwa juani lilegee, vipande vikaunganishwa kwa gundi, majani yote yamelalia upande mmoja, maana kipande kimoja kikigeuzwa mpira unapinda. Mwisho wakanyunyiza mchanga mkavu na kuusugulia ndani kwa ufagio mgumu. Ufagio aliushika Mkunga mwenyewe. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mwenzangu, uzee umekupanda kichwani?"

"Uzee uko magotini. Kichwani kuna gofu."

Jumamosi Kifungua Mimba akaja na mwashi wake. Akafungua mlango wa uani, akasimama katikati ya nyasi na viatu vyake vya ofisini.

"Mama, nini hiki?"

"Vua viatu, unanikanyagia uwanja."

Hakuvua. "Kokoto zangu ziko wapi?"

"Umezikanyaga."

Mwashi akakohoa, akasema atasubiri nje. Mtu mwenye akili huyo.

"Mama, zile zilikuwa za msingi."

"Zililetwa kwangu. Dereva aliuliza mwenye nyumba ni nani, nikamjibu. Nyinyi hamkuuliza."

"Baba angekuwepo asingekubali upuuzi huu."

"Baba yako alichanganya zege la nyumba hii, na maji ya kuchanganyia niliyabeba mimi kichwani, wewe ukiwa tumboni. Usimtume marehemu kazi zako."

Kifungua Mimba akaikosa njia hiyo, akatafuta nyingine. Akachukua fimbo ya gofu iliyoegemea ukuta, akaenda pale mpira ulipolala nyasini. "Haya, Mama. Nikiuingiza huu mpira, tunajenga. Nikikosa, yameisha."

"Weka fimbo chini," Mkunga akasema. "Nyumba yangu haichezewi kamari. Uuingize usiuingize, hapa hapajengwi, na mimi sihami."

Hakupaza sauti. Ilikuwa ileile sauti ya kumwambia mzazi asukume, na hakuna mzazi aliyewahi kubishana nayo. Kifungua Mimba akaiweka fimbo chini. Macho yake, sasa Mkunga aliyaona vizuri, yalikuwa mekundu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema."

"Ni mapacha, Mama." Akajifuta uso. "Yaya ameondoka tena. Hatulali. Mke wangu analia, na mimi nakaribia."

Huruma ikamshika Mkunga, maana mtoto hakui kwa mama yake. Lakini huruma ni kitu kimoja na funguo za nyumba ni kitu kingine.

"Ungeanza na hilo siku ile sebuleni, ungejibiwa kabla chai haijapoa. Badala yake mlinigawa. Mimi sigawiwi. Mimi naombwa."

Kuomba kulikuwa kumemtoka Kifungua Mimba siku nyingi, tangu zama za kiyoyozi.

"Naomba, Mama. Utusaidie."

"Kila Jumamosi waleteni asubuhi. Jioni wanarudi kwao, nami nabaki kwangu. Vigingi vyako viko stoo, upite navyo." Akamtazama miguuni. "Na hapo uliposimama, nilishasema."

Kifungua Mimba akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Mkunga hakumngoja. Alikuwa ameshaokota fimbo na kusimama mbele ya mpira, magoti yamelegea kidogo, kama alivyofundishwa. Akausukuma. Ukapanda kimwinuko, ukalipita shimo pembeni. Akaufuata, akaurudisha pale ulipoanzia.