Dakika Sita za Redio Tambuu

Mzee Kheri alipiga simu asubuhi ya siku ya kumi na nne ya Ramadhani, na hakupiga kulalamika. Alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo huko Waa, mtu wa maneno machache, na alichotaka kwa Redio Tambuu ni kuuliza tu. Siku kadhaa sasa, alisema, adhana ya magharibi ya redio ilikuwa ikimtangulia. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba anawachelewesha watu kufuturu, ilhali sunna ni kuharakisha. Basi yeye alifikiri huenda saa yake ya ukutani imechoka, na siku hiyo alikusudia kuisogeza mbele iende sawa na redio. Ila kabla hajaigusa, angependa aambiwe na wenyewe kama saa yao ni ya kutegemewa.

Aliyepokea simu ni Muhsina, msomaji wa taarifa za habari, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa huko huko Waa. Alikuwa karibu kumjibu mzee kwamba saa ya redio haikosei, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuwajibu watu. Akasita. Jana yake alipofuturu na mama yake aliona mwanga wa jua bado umelala juu ya paa la jirani, akajiambia ni mawingu tu. Akamwomba mzee aiache saa yake kama ilivyo, ampe hadi adhuhuri.

Studio ya Redio Tambuu ilikuwa Kombani, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Lakini adhana haikutoka Kombani. Ilitoka Kwale, juu kilimani, kwenye kibanda kilicho chini ya mnara wa kurushia matangazo. Humo mlikuwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, na hiyo ndiyo iliyocheza kaswida, matangazo na adhana zote tano kwa kufuata ratiba iliyotiwa ndani yake. Fundi aliyeiweka, Samuel Mwero, mtu wa Kinango, alikuwa amehamia Naivasha kikazi tangu mwaka uliopita. Meneja, Bwana Tofiki, alikuwa Lunga Lunga kwenye mkutano na hakutarajiwa kabla ya alasiri. Muhsina akampigia Samuel.

Samuel alimwambia hakuna haja ya kupanda Kwale. Muhsina angeweza kuingia kwenye ile mashine akiwa amekaa pale pale, kwa kompyuta ya mezani ya chumba cha habari, kwani mashine ile iliruhusu kuingiwa kutoka mtandao wa studio tu. Kulikuwa na programu ndogo, nyepesi kuliko hata picha moja ya simu, ambayo hufungua dirisha la kuandikia amri, na kila amri itakayoandikwa pale hutekelezwa na mashine ya mbali kana kwamba mtu ameketi mbele yake. Muhsina aliitumia kompyuta ile kuandikia habari na kupokea barua pepe, basi. Akamwambia hivyo. Samuel akasema hiyo inatosha.

Alimsomea anwani ya ukurasa wa kupakulia, herufi baada ya herufi, akamwonya asibonyeze kurasa nyingine zenye jina linalofanana, kwani nyingine huleta maradhi. Muhsina akapakua. Akaulizwa na kompyuta kama anaikubali programu hiyo, akakubali. Akaulizwa iwekwe wapi, akaacha palipopendekezwa. Mstari wa kijani ukajaa, na kwenye skrini ikatokea picha ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa mchirizi wa radi. Kazi yote haikuchukua hata dakika tano, naye alishangaa kidogo kwamba jambo ambalo Samuel alikuwa akilifanya kwa uso wa mtu anayepasua mgonjwa lilikuwa jepesi namna ile.

Kisha akaandika anwani ya mashine ya Kwale, ambayo ilikuwa tarakimu tupu, na namba ya mlango wa kupitia, ishirini na mbili. Alipobonyeza kufungua, kikatokea kisanduku cha onyo. Programu ilisema haiifahamu mashine hiyo, ikaonyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana, ikauliza kama anaiamini. Muhsina akaondoa mkono.

"Hiyo ni alama yake ya kidole," Samuel akasema. "Nisomee polepole, nami naangalia daftari langu."

Akasoma. Upande wa pili kulisikika karatasi ikifunuliwa, kisha Samuel akawa anaitikia kila herufi, ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho. Akamwambia akubali. Dirisha likageuka jeusi na kuuliza jina, akalitia. Likauliza neno la siri. Hapo Muhsina alibonyeza na kubonyeza na hakuna kilichoonekana, hata nukta. Akadhani kibodi imekufa. Samuel akamweleza kwamba haikufa, inaficha, aandike tu kama anayeandika gizani. Mara mbili alikataliwa kwa kuwa kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewashwa. Mara ya tatu alipokewa, na jina la mashine ya Kwale likatokea upande wa kushoto, na mbele yake kikawa kinapepesa kijiboksi cheupe, kinamngoja.

Amri ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa ya herufi nne tu, ya kuuliza tarehe na saa. Mashine ikajibu kwamba ni saa tano na dakika ishirini na saba. Muhsina akatazama simu yake. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na moja.

Akauliza tena. Sasa mashine ilisema ishirini na nane, na simu ikasema ishirini na mbili. Akamwambia Samuel.

"Bonyeza kishale cha kwenda juu," Samuel akasema. "Kitakuonyesha amri za nyuma, moja moja. Nisomee."

Muhsina alibonyeza. Amri zake mwenyewe zikapita, kisha zikaanza za watu wengine. Nyingi hakuzielewa. Moja aliielewa bila kufundishwa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na tarehe na saa kamili: ilikuwa amri ya kuiwekea mashine saa kwa mkono, na tarehe ile ilikuwa ya mfungo wa tano. Siku hiyo aliikumbuka. Stima ilikatika Kwale tangu alfajiri hadi baada ya adhuhuri, na redio ilipotea hewani.

Samuel naye alikumbuka. Stima iliporudi, mashine iliamka na tarehe ya mwaka juzi. Mtandao ulikuwa haujarudi, kwa hiyo Bwana Tofiki alipanda kilimani amebeba skrini na kibodi, akaviunganisha, na Samuel akawa anamsomea amri kwa simu kutoka Naivasha. Waliizima kwanza huduma ambayo mashine huitumia kujiulizia saa mtandaoni ili wapate kuiweka kwa mkono. Baada ya hapo huduma ilipaswa kuwashwa tena.

"Sikumwambia aiwashe," Samuel alisema. "Hilo ni langu. Lakini saa ile aliisoma yeye, mimi nilimsomea amri tu." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Watu wamefuturu nayo?"

Samuel alikuwa Mkristo, lakini Kinango alikulia nyumba moja na mashemeji waliofunga, na hakuhitaji kuelezwa. Muhsina akahesabu. Kutoka mfungo wa tano hadi wa kumi na tatu ni siku tisa. Akaambiwa anakili kwanza orodha ya amri zile kwenye faili, asije mtu akalaumiwa kwa maneno matupu, kisha akafundishwa kuiwasha ile huduma. Mashine ikajirekebisha yenyewe. Alipouliza saa mara ya mwisho, ilikuwa sawa na simu yake, dakika kwa dakika.

Alimpigia Mzee Kheri kabla ya adhuhuri kama alivyoahidi. Alimwambia saa yake ni nzima, asiiguse. Mzee akauliza, kwa adabu ile ile, kama ni hivyo basi iliyokosea ni ipi. Muhsina angeweza kusema wanachunguza. Alisema ni ya redio, imekosea kwa dakika sita, tangu mfungo wa tano. Mzee akasema inna lillahi, akamshukuru, akakata simu.

Bwana Tofiki alirudi saa tisa na nusu, amechoka na midomo imekauka. Alikuwa mtu mwema, aliyeianzisha redio ile kwa mikono yake, na Muhsina hakumwogopa, ila alimstahi kama kaka mkubwa. Akamwonyesha dirisha jeusi, akabonyeza kishale mpaka amri ile ikatokea. Tofiki akaitazama muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji.

Akakumbuka. Simu ilikuwa sikioni kwa ajili ya Samuel, basi saa aliisoma ukutani, kwenye kibanda cha mlinzi. Na saa ya mlinzi, alivyokuja kujua siku nyingine kwa mazungumzo tu, ilikuwa imetangulizwa makusudi ili mwenzake wa zamu asichelewe kumpokea. Alilisikia jambo hilo, akacheka, wala hakukumbuka kwamba ndiyo aliyoiwekea mashine.

Kwanza alisema washukuru limegunduliwa, na kwa kuwa limeshatengenezwa, litangazwe baada ya Idi, watu wakiwa wametulia. Sasa hivi lingeleta fitina katikati ya mwezi mtukufu. Muhsina akamwambia Mzee Kheri anajua tayari. Hapo Tofiki akakasirika. Akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuisemea redio. Muhsina alijibu kwamba mzee alikuwa anataka kuisogeza saa ya msikiti, na hakuwa na jibu lingine la kumpa. Tofiki alitoka nje kwenye ngazi, akasimama huko.

Aliporudi alikuwa na Ustadh Mwinyihaji, mwalimu wa madrasa aliyeendesha darasa la Ramadhani redioni kila alasiri. Ustadh alitaka kuonyeshwa kila kitu. Akavaa miwani, akasogeza kiti karibu na skrini, akauliza amri ile imeandikwa na nani, na Tofiki akasema, "Ni mimi." Akauliza kama ratiba waliyoifuata ilikuwa na dakika za tahadhari baada ya jua kutua. Wakaangalia, zilikuwa mbili. Basi watu walikuwa wamekula dakika nne kabla ya jua kuchwa.

"Aliyekula akidhani jua limekuchwa hana dhambi, ila siku yake ataikidhi," Ustadh alisema, akivua miwani. "Sisi tuliojua tangu mchana ndio tutakaoulizwa."

Akaongeza kwamba ambao husali nyumbani mara tu redio inapoadhini, hasa alfajiri, nao waambiwe. Tofiki akamtazama Muhsina, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma matangazo yote ya redio ile. Muhsina akavuta karatasi na kalamu. Lakini Tofiki akatikisa kichwa, akaingia mwenyewe studio.

Alizungumza dakika mbili hivi. Sauti yake haikuwa ya redio. Ilikwaruza, na mara moja alirudia neno. Alitaja tarehe zote tisa moja moja. Hakutaja stima wala fundi, wala saa ya mlinzi. Alisema, "Saa niliiweka mimi, nami sikuihakikisha," akaomba radhi, akampisha Ustadh aeleze hukumu.

Simu zililia mpaka magharibi. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana. Mwanamke mmoja wa Tiwi, mjamzito, alitaka kujua kama zake tisa zinaweza kungoja mpaka ajifungue, akaambiwa zinaweza. Mtu mmoja aliyekataa kujitaja alisema hataisikiliza tena redio yao maishani, kisha akapiga tena baada ya nusu saa kuuliza kama ya leo itakuwa sahihi.

Muhsina alifika nyumbani Waa jua likiwa bado lipo. Mama yake, Bi Asiya, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, redio pembeni, sahani ya tende mbele yake. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho, na msikiti ulikuwa mbali kiasi kwamba upepo ukigeuka hausikiki. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikia huyo bwana wenu."

Muhsina akakaa. Akamwambia kwamba kwa umri wake na dawa anazokunywa si lazima azilipe siku zile kwa kufunga, anaweza kulisha masikini, na hilo yeye Muhsina angelisimamia. Bi Asiya akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba alizifunga zile siku, kiu yake aliiona, na hakuna aliyemlazimisha. Atazifunga tena, pole pole, mbili mbili.

"Na wewe ulikuwa ukila nami hapa," alisema. "Kwa hiyo ni zetu sote."

Muhsina akasema ndiyo.

Adhana ikatoka redioni. Muhsina alijua kwamba ni sahihi. Alikuwa ameiuliza mashine ya Kwale saa kabla tu hajaondoka Kombani, na jibu aliliona kwa macho yake. Akasogeza sahani mbele ya mama. Bi Asiya hakunyoosha mkono. Alikuwa ameinua uso kuelekea kule msikitini, anasikiliza. Muhsina alitaka kumwambia, kisha akaliacha neno. Akaishika tende yake mkononi bila kuila, akangoja pamoja naye mpaka sauti ya Mzee Kheri ilipofika, nyembamba, kutoka upande wa minazi.