Tumbili na Nyoka wa Munyoki

Kwa miaka mitatu mizima, kazi ya Munyoki ilikuwa kupiga msasa. Wenzake katika kibanda cha Mzee Kimeu, pale mtaa wa Jericho, walichonga twiga na vifaru. Yeye akalainisha matako ya twiga na vifaru. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kushika tezo na kuitwa mchongaji.

Aliyemfungulia njia ni tumbili. Mnyama huyo alikuwa ametoroka kwa mfugaji wake huko mtaa wa Tena, akahamia kwenye ndizi za jirani yao Ayuma, mchuuzi wa matunda. Na alijua kuchagua, mshenzi yule! Mbichi hakugusa, iliyopondeka aliitupa, akabeba ile ya manjano safi aliyowekewa mchungaji wa kanisa. Ayuma akaomba nyoka wa kuchongwa wa kumtisha.

Mzee Kimeu akamletea nyoka wake bora, aliyepigwa msasa na rangi ya viatu hadi akang'aa. Tumbili akaja, akamtazama, akamkalia, akamenya ndizi.

"Mzee, hii ni nyoka ama ni mwiko?" Ayuma akauliza.

"Huyo tumbili ni mshamba! Wazungu wananunua hizi kila siku."

Munyoki aliwakumbuka nyoka wa kwao Machakos. Hakuna aliyekuwa laini hivyo.

"Mzee, nijaribu mimi?"

"Jaribu. Ukishindwa, utapiga msasa mpaka uzeeke."

Akachonga magamba, moja baada ya jingine, siku tatu. Msasa hakuugusa. Wenzake walimcheka, wakasema kazi hiyo bado mbichi.

Jumamosi asubuhi alimlaza nyoka wake juu ya ndizi, yule wa Mzee kando. Tumbili akashuka kutoka kwenye paa, akamkalia nyoka wa Mzee kama kawaida yake, akanyoosha mkono. Mkono ukakwama hewani. Alipiga ukelele, akaruka juu ya kichwa cha Ayuma, akapindua kapu la nyanya na kutoweka. Kwa mbio zile, huenda alipumzikia mtaa wa mbali wa Huruma.

Ayuma alicheka hadi akakaa chini. Munyoki hakucheka. Machozi yalimlengalenga, wala hakuona haya.

Mzee Kimeu alimpapasa yule nyoka gamba kwa gamba. Kisha akamkabidhi Munyoki tezo yake.

"Lete huo msasa," akasema. "Yule twiga uliyemwacha nitammalizia mimi."