Mstari wa T

Baba alinifundisha kuchonga maandishi kwenye mawe, na kila asubuhi aliniambia yaleyale: "Nukta juu ya i, Amos, na mstari kwenye t." Hapa Skelgarth, kijiji chetu cha Uingereza, watu huambiana hivyo, yaani usiache hata kitu kidogo, hata wakijaza fomu ya leseni ya mbwa. Mimi niliyaona ni maneno ya waoga, na yaliniudhi.

Alhamisi moja ya mwaka 1952 Bi Hatt aliingia karakanani kwangu, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Jumatatu nahamia Leeds kwa dada yangu," alisema. "Kabla sijaondoka, njoo unisomee jina moja kwenye jiwe la waliokufa vitani."

Nilimfuata hadi kanisani. Jiwe lile nililichonga mwenyewe miaka minne nyuma, kwa herufi ndogo kama za barua, nikifuata orodha iliyoandikwa kwa mkono na kasisi. Bi Hatt akaweka kidole.

"Wilfrid Hall," nikasoma.

"Mwanangu ni Hatt."

Nikaikumbuka ile orodha. Kasisi aliandika mbiombio, t mbili bila mistari, nami nikachonga l mbili. Akina Hall wamejaa kijiji kizima, kwa hiyo sikushtuka nilipolichonga. Miaka minne mama huyu alikuwa akileta maua kwa jina la mtoto wa watu.

"Mbona hukuniambia, Bi Hatt?"

"Nikuambie ili iweje? Jiwe si karatasi, halifutiki. Na kwa ukali wako huo, ungenifukuza kwa nyundo."

Sikucheka. Nilizikodolea macho zile l mbili, na ghafla nikaelewa. Hapakuwa na cha kufuta. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu.

Nilirudi na patasi na nyundo. Nilichonga polepole, pumzi nimeibana, mstari mfupi ukizikata l zote mbili. Nikapuliza vumbi. Hatt. Nimechonga maelfu ya herufi maishani, lakini siku ile niliuogopa mkono wangu mwenyewe, kwamba mkwaruzo mdogo vile uliweza kumficha kijana na kumrudisha kwa mama yake.

Bi Hatt alivua glovu, akapitisha kidole taratibu kwenye jina.

"Hizi t ni ndefu kuliko nyingine," akasema.

"Zilianza kama l. Siwezi kuzifupisha, nisamehe."

"Ziache. Wilfrid alikuwa mrefu. Hakuna mlango hapa kijijini ambao haukumgonga kichwa."