Mtoto wa Madame

Mukantwari alijifunga kitambaa kifuani, akakikaza mpaka pumzi ikawa ya shida, kisha akakikaza tena. Maziwa hayajui amri. Yaliendelea kutoka, na chini ya kitambaa matiti yalikuwa magumu na ya moto. Nyirarukundo, binti yake, hakuwa amenyonya tangu jana jioni. Alikuwa analia chumba cha pili, mikononi mwa Victoire, na kila kilio kilipopanda mama yake aliegemea ukuta wa jiko, ule wa mawe meusi ya volkano, akangoja kipite. Halafu alivaa gauni la buluu lililochakaa, na juu yake aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Leo alikuwa boyi, mtumishi wa nyumba.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya mume wake.

Célestin Ntirenganya alikuwa karani wa posta hapa Goma, mtu wa tai na baiskeli inayong'aa. Mke wake wa pete alikuwa Victoire. Walikaa miaka bila mtoto. Walisali novena, wakanywa dawa za Wazungu na za kienyeji, wapi! Kaka yake Célestin, Twagirayezu, alipofia kwenye kazi ya barabara ya Rutshuru, ukoo ulikaa, bia ya ndizi ikanywewa, na mjane wake, Mukantwari, akapewa mdogo wa marehemu, kama ilivyo desturi. Victoire mwenyewe ndiye aliyelisukuma jambo hilo. Alimwambia Mukantwari njoo, utuzalie sisi wote. Siku mtoto alipozaliwa alilia kwa furaha kuliko mzazi, na majirani wakaanza kumwita Mukantwari Mama Nyirarukundo.

Lakini Célestin alitaka karte. Ni ile karte ya évolué, ya mtu mweusi ambaye Wabelgiji wamekiri kwamba amestaarabika. Mwenye karte hachapwi fimbo, haulizwi usiku anatoka wapi, na mtoto wake anaweza kuombewa nafasi katika shule ya Wazungu. Mwenye wake wawili haipati. Hata kuishi mjini sheria inamkataza. Tena kabla ya kuitoa wanakuja kukagua nyumba: wanaingia chooni, wanafunua masufuria, wanatazama kama mke anakula meza moja na mume wake, kwa uma na kisu.

Basi jioni kwa jioni Célestin aliwafundisha wote wawili. Victoire alikuwa amelelewa kwamba mwanamke mwenye adabu hatafuni mbele ya wageni. Kila alipopeleka uma mdomoni jasho lilimtoka, na Célestin akamgombeza. Mukantwari alifundishwa kuweka sahani upande wa kushoto na kusema "oui, madame". Alipouliza siku ya ukaguzi mtoto atakuwa wa nani, Célestin alitazama sakafu.

"Ni siku moja tu, Mama Nyirarukundo," alisema. "Karte ikitoka, mutoto wako atasoma pamoja na watoto wa Wazungu. Ama unapenda akulie kwetu Rutshuru, achunge mbuzi?"

Hakupenda. Alikubali, na tuseme ukweli, hakuna aliyemburuta. Usiku ule alijiona amesimama kwenye lango la shule, binti yake anatoka amevaa viatu, na moyo wake ulifurahi.

Walikuja baada ya misa ya asubuhi, administrateri, Mbelgiji mtawala wa wilaya, na Padiri Florent wa misioni. Administrateri alisifu choo. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akaridhika. Victoire alichoma kipande cha nyama kwa uma. Nyama ilifika mdomoni. Célestin alimwita "chérie", yaani mpenzi, neno ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia hata mara moja.

Mukantwari akaleta kahawa. Nyirarukundo alikuwa kwenye magoti ya Victoire, amechoka kulia, ana kwikwi tu. Akasikia harufu ya mama yake. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea aproni, na alipoona hachukuliwi akapiga yowe, akajipinda, Victoire akashindwa kumshika. Administrateri alicheka. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha kwamba huyu mutoto anapenda boyi kupita mama yake.

"Wewe," alimwambia Mukantwari, "huyu mutoto ni wa nani?"

Célestin alifungua mdomo, lakini bwana aliinua kidole. Hakumuuliza yeye.

Mukantwari alimtazama Padiri. Padiri alijua. Wakati wa Pasaka Mukantwari alikuwa amepiga magoti kwenye kitubio chake, akamweleza yote, mume aliyekufa, shemeji, mtoto, na Padiri akamnyima Komunyo mpaka atoke katika nyumba ile. Neno moja la Padiri lingetosha. Padiri alikuwa anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake.

"Ni mutoto wa madame, Bwana," alisema Mukantwari.

Sauti yake haikukatika. Baadaye hilo ndilo lililomtisha, jinsi maneno yalivyotoka mepesi, kama mtu anayejibu bei ya viazi sokoni.

Administrateri hakuwa amemaliza. Aliuliza huyu boyi analala wapi na mume wake ni nani. Célestin alijibu kwamba ni mjane, analala jikoni. Wazungu wawili walitazamana. Haifai, alisema administrateri, nyumba ya mstaarabu hailazi mwanamke asiye na mume, watu watasema. Padiri alitikisa kichwa kukubali. Kabla ya Jumapili awe ametoka. Célestin alisema "oui, Monsieur l'Administrateur" kabla bwana hajafika mwisho wa maneno yake. Na mtoto akabaki, kwa sababu mtoto alikuwa wa madame.

Mukantwari alikwenda kwa Kahindo, chini kule Kituku mitumbwi inapovutwa. Kahindo alikuwa na nyumba nzuri ya mabati, na Goma nzima ilijua nani aliijenga. Kwa serikali alikuwa mfuaji wa nguo za administrateri. Gari la bwana lilisimama pale jioni nyingi, na hakuna mzungu mwenye nguo nyingi kiasi hicho. Mpaka juzi Mukantwari, rozari shingoni, alikuwa anampita kisimani bila salamu na kutema mate pembeni. Sasa alisimama mlangoni kwake na kifurushi. Kahindo hakumkumbusha lolote. Alimpa nafasi jikoni, akachemsha maji, akamkanda matiti, kwa maana yalikuwa yamevimba na homa imempanda.

"Wewe boyi, mimi mufuaji," alisema Kahindo. "Kumbe bibi za watu banapewa kazi nyingi huku Goma."

Homa ilipopungua Mukantwari alikwenda misioni. Padiri Florent alimpokea kwenye baraza, hakumkaribisha kukaa. Alimwambia kwa upole kwamba ametoka katika dhambi, na Jumapili anaweza kukaribia meza ya Bwana. Mukantwari alisema hakuja kwa ajili ya Komunyo. Alikuja kumwomba aende kwa administrateri, amwambie anachokijua.

"Mwanangu, nililolisikia katika kitubio nimelizika. Hata wakiniua sitalisema."

"Basi leo ninakuambia hapa inje, Padiri. Si kitubio hapa. Mutoto ni wangu."

Padiri alifunga kitabu chake cha sala.

"Hapa nje," alisema, "mimi nilikusikia kwa masikio yangu ukisema ni wa madame."

Na Mukantwari alijua ni kweli alisema. Katika watu wote waliokuwa mezani siku ile, mdomo uliosema ulikuwa wake. Alitembea mpaka ziwani akalia kwa sauti, na wavuvi wakadhani amefiwa.

Nyumba ya Célestin nayo haikutulia. Nyirarukundo alikataa maziwa ya kopo, akaharisha, akakonda mpaka macho yakaingia ndani. Victoire alikuja Kituku mwenyewe, amejifunika kitenge usoni ili asijulikane. Alisema mtoto anakufa. Alisema kila siku anaungama dhambi ndogondogo, na hii moja inakwama kooni. Mukantwari hakungoja amalize. Alikuwa amekwisha kuingia njiani, anakimbia.

Ikawa hivyo. Asubuhi anaingia kwa mlango wa jiko, ananyonyesha, anafua, anapika, na kabla jua halijazama anatoka kwa mlango huohuo. Anaitwa yaya. Mtoto alipona, mashavu yakarudi. Majirani walianza kumwita Victoire Mama Nyirarukundo, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa mazoea, na Mukantwari akabaki Mukantwari.

Jumapili moja Célestin alihutubia chama cha évolués, karte ipo mfukoni mwa koti. Mukantwari alisikiliza nje ya dirisha, mtoto mgongoni. Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kusema kwa sauti mambo ambayo zamani waliyanong'ona, na Célestin alisema vizuri, Mungu wangu, alisema vizuri sana. Wazungu wanatuita watoto wao, alisema; je, ni mtoto gani anayeingizwa kwa baba yake kwa mlango wa jiko? Ni mtoto gani anayekatazwa kutaja jina la mama yake? Ukumbi ulisimama kwa makofi. Mukantwari naye alipiga makofi, kwa kuwa maneno yalikuwa ya kweli. Kisha akaitazama mikono yake iliyokuwa inapiga, akaishusha.

Mtoto alianza kusema. Neno la kwanza alilisema jikoni, mdomo umejaa maziwa, amemkazia Mukantwari macho: mama. Alilirudia siku nzima kwa raha ya kulijua. Célestin alilisikia aliporudi kutoka posta. Aliingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini. Keshokutwa administrateri na bibi yake watakuja kunywa kahawa. Mtoto akimwita yaya mama mbele yao, karte itarudi ilikotoka, na yaya atapandishwa lori la Rutshuru asimwone tena binti yake mpaka afe.

"Umufundishe," alisema. "Wewe ndiye anayekusikiliza."

Alitoka, akaacha mlango wazi. Kule sebuleni Victoire alikuwa amekaa ameinamisha kichwa juu ya ufumaji wake, na hakuinua uso.

Mukantwari alimpakata mtoto, akamgeuza atazame sebule. Alishika kidole chake kidogo, akakielekeza kule kwenye kiti.

"Mama ni yule," alisema.

Mtoto alicheka. Aligeuka, akampiga mdomo kwa kiganja, akasema mama. Mukantwari alimgeuza tena, akashika kidole. Mama ni yule. Mtoto akageuka. Akamrudisha. Mchezo ulimfurahisha mtoto kwa muda, kisha ukamchosha, kisha akaanza kumtazama Mukantwari kwa mashaka, midomo inamcheza. Mukantwari alikaza mkono. Aliendelea kusema hivyo hivyo, kwa upole, mpaka kidole kikaenda chenyewe.